Mtoto wa Kilimani na Baiskeli: Kumbukumbu za Michezo ya Kiangazi katika Fasihi ya Burundi

Uhakiki wa kumbukumbu za utotoni umezoea kuuliza iwapo mwandishi ameurejesha utoto wake kwa uaminifu. Makala hii inauliza swali jingine: katika fasihi ya Burundi, ni mtoto yupi anayepewa nafasi ya kukumbuka? Swali hili linawahusu wahakiki, na linawahusu pia watunga mitaala.

Tuanze na riwaya ya Gaël Faye, Petit pays, iliyotoka mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka huohuo. Gabriel, mwenye umri wa miaka kumi, anakulia Bujumbura. Yeye na wenzake huiba maembe ya majirani na kufanya gari bovu la Volkswagen kuwa maskani yao. Wasomaji wengi wameiona riwaya hii kama maombolezo ya pepo iliyopotezwa na vita vilivyoanza mwaka 1993. Usomaji huo ni sahihi, ila unapita haraka kwenye kisa cha baiskeli. Baiskeli ya Gabriel inaibwa, inauzwa na kuuzwa tena, hatimaye inapatikana kijijini kwa mkulima maskini aliyemnunulia mwanawe. Gabriel anarudishiwa mali yake; mtoto wa mkulima anabaki mikono mitupu, na msimulizi hamfuati. Faye anastahili sifa kwa kutoificha aibu ya tukio hilo. Hata hivyo, kiangazi cha mtoto yule hakisimuliwi.

Kiangazi hicho kikoje? Katika vilima vya Gitega na Muyinga, majira ambayo Kirundi huyaita ici huanza mwezi Juni na kuendelea hadi karibu na Septemba, sambamba na likizo ndefu ya shule. Mvua imekatika, lakini kazi haijakatika: mabonde yenye unyevu hulimwa msimu wa tatu, mifugo huchungwa, maji huchotwa mbali. Watoto husokota mpira kwa majani makavu ya migomba na kuucheza hukohuko machungani. Usiku mmoja husema "Sokwe!", wengine huitikia "Niruze!", kama Mswahili asemavyo "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!". Mchezo hapa haujatenganishwa na kazi. Kwa hiyo, mhakiki anayeleta dhana ya likizo ya Ulaya, yaani muda mtupu usio na wajibu, atauona utoto huu kuwa umepungukiwa, ilhali una utaratibu wake.

Maisha ya vilimani yalikwisha kupata mwandishi. Padri Michel Kayoya, katika Sur les traces de mon père (1968), alichanganya nathari na ushairi kuwatafakari baba yake na malezi ya Kirundi mbele ya ukoloni. Tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa Nairobi mwaka 1973. Mwandishi hakuiona: aliuawa Gitega mwaka 1972. Mto Ruvubu, unaopita kati ya Gitega na Muyinga, ulipokea maiti za mwaka huo. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki karibu nao, mkoani Karusi. Kumbukumbu ya kucheza mtoni, basi, haiwezi kusomwa hapa kama mandhari tu.

Kiswahili kinaingia wapi? Muyinga inapakana na Tanzania. Wakimbizi wengi walivuka kwenda Ngara, na watoto wao walijifunza michezo na matusi ya utani kwa Kiswahili kabla ya kurudi. Kwao, Kiswahili si somo lililoletwa na uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Ni lugha ya utoto. Shule inayowafundisha salamu na sarufi pekee inawanyima kile wanachokijua tayari.

Pendekezo letu ni dogo: masimulizi ya kiangazi, kwa Kirundi na Kiswahili, yakusanywe katika maeneo haya na yaingizwe katika vitabu vya kusoma vya shule za msingi, pamoja na kazi zake, hofu zake na vicheko vyake. Tusiyasafishe yawe pepo. Mtoto aliyenyang'anywa baiskeli ana simulizi yake, na hatujaisoma bado.