Haki ya Kipande Kidogo

Kilungu ni nchi ya miteremko. Upepo unaopanda kutoka tambarare za barabara ya Mombasa hukutana na migongo hii, na ukifika juu, upande wa Nunguni, huwa umebanwa ukazidisha mbio. Mwenye mabati huku hahitaji kufundishwa kwamba paa huanza kuezuliwa pembeni. Nayapenda mahesabu ya wahandisi wa upepo kwa sababu yameliona jambo hilohilo, yakalipa namba, kisha yakalipandisha hadi kwenye kuta za vioo za Upper Hill, Nairobi, ambako jengo la Britam limefika mita 200.

Nguzo na sakafu hubeba mzigo wa jengo zima. Mvumo ukipiga upande mmoja, mwingine huenda umetulia, na zege hupata wastani. Kipande cha kioo hakina wastani. CP3, kanuni ya Uingereza ya 1972 iliyotumiwa na wahandisi wa Kenya kwa miaka mingi, ilisema wazi: jengo linalozidi mita 50 likokotolewe kwa mvumo wa sekunde 15, lakini kioo, kifuniko na bati kwa mvumo wa sekunde 3, hata jengo liwe kubwa kiasi gani. Mvumo mfupi ndio mkali, na kipande kidogo huupokea wote.

Kanuni za Ulaya zinakitetea zaidi. Kwenye ukanda wa kona, ambapo upepo huachana na ukuta kwa ghafla, kizidishi cha mfyonzo ni 1.2 kwa mita 10 za mraba na 1.4 kwa mita 1. Hewa iliyo ndani ikisukuma nayo, huongezwa 0.2. Sasa chukua kasi ya mita 30 kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 0.613: nyutoni 552 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 1.6, upate 883. Ni gunia la mahindi la kilo 90 likikivuta nje kila kipande cha mita moja ya mraba.

Halafu mahali. Kwa kilele kilicho wazi, CP3 iliongeza kasi kwa sehemu moja ya kumi. Mita 30 zinakuwa 33, na zile 883 zinapanda hadi 1,068, zaidi ya moja ya tano. Kwa hiyo mkokotoaji hodari haridhiki na ramani ya kasi. Huuliza jengo limekaa mgongoni au bondeni. Anajua pia kwamba 0.613 inatokana na uzito wa hewa ya usawa wa bahari. Hewa ya Kilungu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kwa kasi ileile husukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Wapo wanaoliacha punguzo hilo liwe akiba, nami nawaunga mkono.

Lakini namba pekee haishikilii kioo. Huko Boston, vioo 10,344 vya jengo la John Hancock Tower vilibadilishwa vyote miaka ya 1970, baada ya baadhi kuvunjika na kuanguka. Kiungio chake cha madini ya risasi kilikuwa kigumu mno, hakikuviachia nafasi ya kucheza. Kazi nzuri huufuata mzigo kutoka kioo hadi gundi, fremu ya alumini, bano, na bolti iliyozama kwenye zege. Na kona ipewe bolti zake za ziada, hata mwenye jengo akilalamikia gharama.