Kinyago na Hukumu: Baraza la Egwugwu katika Things Fall Apart

Baadhi ya wahakiki wameliona baraza la egwugwu katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 kuwa hila ya wanaume: wazee wa Umuofia wanavaa vinyago, wanageuza sauti, na wanawake wanatishika. Usomaji huu haukidhi. Katika sura ya kumi, mizimu tisa inapotoka kibandani kusikiliza kesi ya Uzowulu, msimulizi anasema kwamba huenda wake za Okonkwo waliutambua mwendo wa mumewe katika egwugwu wa pili, tena huenda waliona kuwa hayumo miongoni mwa wazee walioketi. Lakini kama waliwaza hivyo, waliyaweka moyoni. Papo hapo msimulizi anatamka, bila kusita, kwamba egwugwu huyo ni mmoja wa wahenga waliokufa. Kwa hiyo msimulizi naye anaitunza siri. Uwezo wa baraza hautokani na ujinga wa watazamaji bali na mapatano yao ya kutosema.

Mapatano hayo yana manufaa yake. Mzee mmoja anapouliza kwa nini jambo dogo kama hili limeletwa mbele ya egwugwu, anajibiwa kuwa Uzowulu hasikii uamuzi wa mwingine yeyote. Mwanamume ambaye hawezi kuinama mbele ya jirani anaweza kuinama mbele ya mhenga; anaamriwa kuwapelekea wakweze mtungi wa pombe na kumwomba mkewe arudi. Hata hivyo Mgbafo, aliyepigwa miaka tisa, hasemi neno barazani. Nduguze ndio wanaomsemea. Achebe halifichi hilo, na wanaoisifu hukumu hii kama kielelezo cha demokrasia ya jadi hawana budi kulijibu.

Enoch anapomvua egwugwu kinyago, hafichui jambo lisilojulikana. Anavunja mapatano, na wenzake wa mzimu huyo wanamzingira upesi ili asionekane na wanawake na watoto, kana kwamba siri bado ipo. Kanisa linachomwa, viongozi sita wanatiwa ndani. Korti mpya haina vinyago: Mkuu wa Wilaya anatoza faini ya mifuko 200 ya kauri, na matarishi wake wanawatangazia Umuofia kuwa ni 250.