Kiungo Kisichoyeyuka: Uso na Mgongo

Sufuria yenye masikio haifichi ilivyoungwa, iwe jikoni Matombo au mjini Morogoro: vichwa vya ribiti viko wazi, na sikio likilegea unajua pa kugonga. Kifuniko cha alumini cha injini ya bodaboda kikipasuka kwenye barabara ya Bigwa–Kisaki, mambo hubadilika. Kukichomelea kwa moto ni kazi ngumu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali utando wa oksidi unaoifunika huvuka nyuzi 2,000 kabla haujayeyuka.

Lakini njia ya kuunga iliyobuniwa mwaka 1991 na Wayne Thomas na wenzake katika taasisi ya TWI, Uingereza, haiyeyushi chochote. Ncha ya chuma kigumu huzunguka kwenye mpaka wa mabamba mawili na kuyasonga kama ugali mgumu. Msuguano huyalainisha, shinikizo huyashikanisha. Siku hizi kuna hata mashine isiyohitaji ncha: fimbo ya alumini husukumwa kupitia kichwa kinachozunguka, ikajaza mfereji kati ya mabamba, tabaka juu ya tabaka.

Tuusome uso wa mshono wa ncha. Umejaa mikunjo ya nusu duara, iliyofuatana kwa karibu. Si mapambo. Mashine ikizunguka mara 600 na kusogea milimita 120 kwa dakika, kila mzunguko huacha hatua ya milimita 0.2; kwa hiyo mwenye rula na subira, akijua kasi ya mzunguko, anaweza kukisia mwendo wa mashine baada ya fundi kwenda zake. Ukikata mshono na kuutazama kwa hadubini, pande zake hazilingani: ule ambako mzunguko ulikwenda sambamba na safari ya mashine una mpaka mkali, wa pili umefifia. Nauthamini ukosefu huo wa ulinganifu. Mwishoni kuna tundu, ncha ilipochomolewa. Wengi hulikata na kulitupa, nami naona wanatupa ukurasa wa kusomeka kuliko zote.

Hata hivyo, uso huu mwaminifu husema nusu ya habari. Ncha isipofika kina cha kutosha, mabamba upande wa mgongo hugusana bila kushikana, na mikunjo ya juu ikabaki mizuri vilevile. Ndiyo maana kipande cha majaribio hukunjwa mgongo ukiwa nje: palipogusana tu, hufunguka.