Uhakiki wa Tathmini za Kasoro za Kioptiki na Ukungu wa Mandharinyuma katika Lenzi ya Zumu: Mfano wa Canon EF 100–400mm

Tathmini nyingi za lenzi za zumu za masafa marefu hupima ukali wa picha kwa chati bapa, kisha huuhukumu ukungu wa mandharinyuma kwa kutaja ukubwa wa tundu na idadi ya mapanga yake. Uhakiki huu unadai kwamba vigezo hivyo havitoshi. Matoleo mawili ya Canon EF 100–400mm f/4.5–5.6L yanadhihirisha hoja hiyo.

Toleo la 1998 lina vipande vya lenzi 17 katika makundi 14 na mapanga 8. La 2014 lina vipande 21 katika makundi 16 na mapanga 9. Ni rahisi kuhitimisha kwamba panga la tisa ndilo linalolainisha ukungu. Hata hivyo, tundu likiwa wazi kabisa, mapanga hayachori umbo la visahani vya mwanga. Idadi yake huwa na maana tundu linapofinywa.

Hoja ya ukubwa wa tundu nayo yahitaji kurekebishwa. Katika milimita 400, f/5.6 ni kipenyo cha takribani milimita 71, sawa na milimita 200 kwa f/2.8. Ndege akijaza fremu kwa kiasi kilekile, nukta iliyo mbali sana nyuma yake hutanda kwa upana uleule katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni mgawanyo wa mwanga ndani ya kisahani. Kasoro ya tufe ikisahihishwa kupita kiasi, visahani vya nyuma hupata ukingo mkali, na nyasi huonekana kama mistari pacha. Ikisahihishwa pungufu, ukungu wa nyuma hulainika, ila wa mbele huwa mkali.

Floraiti iliyomo katika matoleo yote mawili hupunguza kasoro ya rangi, lakini aina zake mbili zisichanganywe. Ile ya pembeni hurekebishika kwa programu. Ile ya mhimili, inayotia uzambarau mbele ya fokasi na ukijani nyuma yake, ni ngumu kuondolewa, na chati iliyofokasiwa barabara huificha.

Kwa hiyo, tathmini timilifu ipige nukta za mwanga mbele na nyuma ya fokasi, katikati na pembeni mwa fremu, kwa urefu wa fokasi mbalimbali. Mbinu hii haizai alama moja ya kulinganishia lenzi, na huo ndio udhaifu wake. Lakini alama moja itokanayo na chati bapa haimwambii mpiga picha wa ndege nyasi zitaonekanaje.