Zimwi Lisilo na Daftari

Katika The Tomb (1984), F. Paul Wilson, tabibu wa Marekani, alimuumba Jack, mtatuzi wa shida za watu jijini New York, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote la serikali. Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jack ashikilia kwamba lisilokujua halikuli kabisa. Lakini Vicky, mtoto ampendaye, awindwa na mazimwi ya Kihindi, rakoshi, kwa kuwa babu wa mababu zake alipora hekalu huko India mwaka 1857. Hapa ndipo penye uzito: serikali yakwepeka, deni la nasaba halikwepeki. Juzuu za baadaye, zilipoigeuza hofu hiyo kuwa vita vya nguvu mbili za ulimwengu, ziliipunguzia uchungu wake.