Pete ya p24: Jinsi Ganda la VVU Lilivyosomwa kwa Fuwele

Kapsidi ya VVU ni ganda lenye umbo la koni linalobeba vinasaba vya kirusi hadi ndani ya seli. Limejengwa kwa nakala takriban 1,500 za protini moja, p24, ileile ambayo baadhi ya vipimo vya VVU huitafuta katika damu. Nakala hizo hujipanga katika pete za sita sita, zipatazo 250, na pete za tano tano, ambazo ni 12. Mpira wa miguu wa vipande vyeupe na vyeusi umejengwa kwa kanuni hiyo: vipande 12 vyenye pembe tano ndivyo vinavyoupinda uso hadi ukajifunga.

Ili kujua mahali pa kila atomu, tone la protini iliyosafishwa huachwa lipoteze maji polepole hadi molekuli zijipange kuwa fuwele. Fuwele ikipigwa eksirei, miale hutawanyika na kuacha madoa, ambayo hukokotolewa kuwa ramani.

Ugumu ulikuwa kwenye pete. Vipande vya p24 vilisomwa tangu 1996, lakini pete nzima haikutulia. Mwaka 2009, Owen Pornillos, Mark Yeager na wenzao walibadilisha asidi amino ya 14 na ya 45 kuwa sisteini, yenye salfa, na salfa za protini jirani zikashikana kama vifungo vya shati. Walibadilisha pia ya 184 na ya 185, zinazounganisha pete na pete, ili kila pete ibaki peke yake. Fuwele zikapatikana. Mwaka 2011, sisteini zilipowekwa nafasi ya 21 na ya 22, ilipatikana pete ya protini tano.

Kati ya protini mbili jirani kuna kishimo. Dawa ya lenacapavir hujikita humo na kuvuruga kazi ya ganda.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 11.1 ya watu wazima wa Iringa na 9.6 ya wa Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Virusi vya Mbeya ni vya aina C, A, D na michanganyiko yake, ilhali pete ya 2009 ilitokana na aina B. Hata hivyo, kishimo hicho hakitofautiani sana kati ya aina hizo, kwa kuwa kikibadilika ganda lenyewe hudhoofika. Katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililotangazwa 2024, kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir kila miezi sita, hakuna aliyeambukizwa.