Mkasi wa Mhariri

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Hawakujua kuna wahariri.

Kuondoa "eee" ya mbunge ni usafi wa kazi. Kuondoa takwimu aliyoikosea waziri ni kumficha. Na ukimsafisha mmoja, mpinzani wake ukamwacha na kigugumizi chake, huo ni upendeleo.

Januari 2016, Nape Nnauye alitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja; sababu, gharama. Tukabakiziwa "Leo Katika Bunge", kipindi cha usiku kilichohaririwa. Mpigakura wa Makurunge, aliye mbali na Dodoma, angejuaje kilichokatwa? Mkasi si kosa. Kosa ni kutuficha kitambaa kizima.